Clemente, nyota aliyesindikiza mzigo wake

Niliwahi kutuma magunia ya maharagwe ng'ambo ya mpaka, yakaishia njiani. Tangu siku hiyo namfikiria sana Roberto Clemente, mzaliwa wa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934, aliyeichezea timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates ya Marekani kwa misimu 18.

Msimu wa 1971 ulikuwa wake. Septemba 1, Pirates waliingia uwanjani na wachezaji tisa ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mzungu: wote weusi au Walatino. Katika fainali dhidi ya Baltimore Orioles walifungwa michezo miwili ya mwanzo, wengi wakawakatia tamaa. Wakaibuka washindi 4-3. Clemente, mzee wa miaka 37 kwa mchezo ule, alipiga vizuri katika michezo yote saba na kutangazwa mchezaji bora wa fainali.

Desemba 23, 1972, tetemeko likaubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Alikusanya misaada, lakini akapata habari kwamba ile iliyotangulia ilikuwa ikitiwa mfukoni na watu wa serikali. Akaamua kwenda nayo mwenyewe, akiamini hakuna atakayethubutu kuiba mbele yake. Usiku wa Desemba 31 ndege kuukuu, iliyojazwa kupita kiasi, iliruka kutoka San Juan ikaanguka baharini. Wote watano waliokuwemo walikufa. Mwili wake haujapatikana hadi leo.