Joe Brooks

Joseph W. Brooks Jr., anayejulikana zaidi kama Joe Brooks (Baltimore, Maryland, 1901 – 1972), alikuwa mvuvi wa mchezo, mwandishi na mhariri kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kuchagua nzi bandia na vifaa vya kuvulia samaki wa baharini karibu na pwani. Wakati huo wengi waliamini kwamba uvuvi wa namna hiyo ni wa mito na maziwa tu.

Nzi bandia ni ndoano iliyofungwa manyoya, nywele na nyuzi ili ifanane na mdudu, uduvi au samaki mdogo. Kwa kuwa ni mwepesi mno, hawezi kurushwa kama chambo chenye risasi. Uzito huwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na ufito ndio unaopinda na kuusukuma mbele. Baharini ugumu huongezeka: upepo ni mkali, samaki wana nguvu, na chumvi hula chuma.

Maisha

Brooks alizaliwa katika familia iliyokuwa na biashara ya bima, naye alifanya kazi humo kwa muda. Alikuwa hodari katika michezo mingi, lakini ulevi ulikaribia kumharibia maisha akiwa bado kijana. Baadaye aliacha pombe kabisa, akaanza kuandika juu ya uvuvi na kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Kitabu chake kuhusu uvuvi wa samaki wa maji baridi kwa nzi wanaoelea kilitoka mwaka 1947.

Mwaka huohuo alikwenda Islamorada, katika visiwa vya kusini mwa Florida, akavua pamoja na mwongozaji Jimmie Albright. Samaki aliyemtafuta ni bonifishi (jenasi Albula), ambaye ndugu zake wanaishi pia katika Bahari ya Hindi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Samaki huyu hupanda na maji yanapojaa hadi kwenye mchanga wenye kina cha magoti, huinamisha kichwa kutafuta kaa na uduvi, na mkia wake huonekana juu ya maji. Ni mwoga sana: kivuli cha mtu au kishindo cha mshipi kikimfikia, hutoweka. Brooks aliwaona, akawanyemelea, akarusha nzi mbele yao na kuwanasa.

Mara nyingi husemwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Sifa hiyo inahitaji kupimwa. Watu walikuwa wamevua samaki wa baharini kwa nzi huko Florida tangu karne ya 19, na bonifishi wachache walikuwa wamenaswa kwa bahati na wavuvi waliokuwa wakitafuta samaki wengine. Mchango wa Brooks ulikuwa hasa kuandika jinsi mtu mwingine anavyoweza kufanya vilevile. Mwaka 1948, katika ghuba ya Coos Bay jimboni Oregon, alimvua samaki wa spishi Morone saxatilis, mwenye mistari ubavuni, aliyekuwa na uzito wa takriban kilo 13.3. Uzito huo ulihesabiwa kuwa rekodi kwa miaka mingi.

Vifaa

Kitabu chake Salt Water Fly Fishing kilitoka mwaka 1950, nacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kilichoshughulikia somo hili peke yake. Kilitoka wakati mzuri. Fito za mwanzi zilikuwa ghali na nzito, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia fito za nyuzi za kioo zilianza kuuzwa. Hizo hazikuogopa maji ya chumvi.

Mshipi uliopendwa baharini uliitwa GAF. Herufi hizo zilionyesha unene wake: mwembamba nyuma, mnene mbele. Uzito ukiwa mbele, mvuvi haitaji kuuzungusha mshipi hewani mara nyingi, na hilo ni la lazima kwa sababu samaki hupita kwa sekunde chache tu. Mwaka 1961 herufi ziliachwa kwa namba za uzito, kwa kuwa mishipi yenye unene sawa lakini iliyotengenezwa kwa malighafi tofauti haina uzito sawa. GAF inalingana na namba 9 hivi. Leo wavuvi wengi hutumia namba 7 au 8 kwa bonifishi, na 11 au 12 kwa taponi, samaki mkubwa anayeruka juu ya maji.

Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, haina kazi kubwa kwenye kijito. Kwa bonifishi mambo ni mengine, kwani akinaswa hukimbia mita 100 au zaidi bila kusimama. Kwa hiyo rili lazima iwe na breki laini na nafasi ya kutosha uzi wa akiba nyuma ya mshipi. Mwisho wa mshipi hufungwa nailoni nyembamba. Kwa mzia, mwenye meno makali, huongezwa kipande cha waya. Kwa taponi, ambaye kinywa chake ni kama msasa, huongezwa nailoni nene.

Nzi

Brooks alipenda nzi wachache na rahisi. Wanaojulikana zaidi ni kundi la Blonde: mafungu mawili ya nywele za mkia wa kulungu wa Amerika, moja nyuma ya tundu la ndoano na jingine karibu na mkunjo, yakiwa na uzi wa kung'aa katikati. Mweupe aliitwa Platinum Blonde. Wa buluu na nyeupe aliitwa Argentine Blonde. Nzi hao ni warefu kama dagaa, lakini hawashiki maji mengi, hivyo hurushwa bila taabu hata upepo ukivuma. Kwa bonifishi, nzi mkubwa kiasi hicho angemfukuza. Hapo hutumika mdogo, wa rangi ya mchanga, anayetua kimya.

Miaka ya baadaye

Brooks aliendesha mashindano makubwa ya uvuvi ya Miami, alionekana katika kipindi cha televisheni The American Sportsman, na akawa mhariri wa uvuvi wa jarida la Outdoor Life. Kitabu chake Trout Fishing kilitoka mwaka 1972, mwaka aliofariki. Alizikwa Montana.

Mwanafunzi wake mashuhuri alikuwa Lefty Kreh (1925 – 2018) wa Maryland, ambaye Brooks alimwonyesha uvuvi huu mwaka 1947. Kreh naye alikuja kuyaongoza mashindano ya Miami, na nzi wake wa baharini, Lefty's Deceiver, alichapishwa kwenye stempu ya posta ya Marekani mwaka 1991.