Chung Ling Soo: Mchina wa jukwaani aliyeuawa na gobole lake

Ukisoma shule ya msingi kijijini, huenda unaikumbuka siku ya mazingaombwe: madirisha ya darasa yamefunikwa, mtu anameza moto kisha anatoa noti sikioni mwa mwanafunzi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kazi hiyohiyo ilijaza kumbi kubwa za London, na mmoja wa waliolipwa vizuri kabisa alikuwa Chung Ling Soo, Mchina asiyejua Kiingereza. Waandishi wa habari waliotaka kumhoji walizungumza naye kupitia mkalimani.

Lakini hakuwa Mchina. Aliitwa William Robinson, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1861. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa nyuma ya pazia, akiwasaidia mabingwa wawili wa mazingaombwe wa Marekani, Harry Kellar na Alexander Herrmann. Mikono yake ilikuwa hodari mno. Shida ilikuwa mdomo. Watu wa zama zile walitaka mwana mazingaombwe apige soga na kuwachekesha, na Robinson akisimama mbele yao maneno hayakumtoka.

Dawa aliipata kwa mtu mwingine. Mwaka 1898 Mchina wa kweli, Ching Ling Foo, alifika Marekani na mchezo wa kutoa bakuli kubwa lililojaa maji chini ya kitambaa. Aliahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeuiga. Robinson alijitokeza akakataliwa. Mwaka 1900 akavuka bahari kwenda Ulaya, akanyoa masharubu na nywele za mbele, akapaka rangi usoni na kuvaa joho la hariri. Mwenzake Olive, mwanamke mdogo wa umbo, akawa Suee Seen. Joho lilificha vifaa, na ububu ukageuka kuwa sifa.

Mwaka 1905 Foo mwenyewe alikuja London, akamkuta mwigo wake anang'ara ukumbi wa jirani. Akatangaza kwamba yule si Mchina, akamwita washindane katika ofisi ya gazeti moja. Siku ilipofika Soo alikuwepo, Foo hakutokea. Alitaka kwanza Soo athibitishe uchina wake, na hilo halikumshughulisha mtu. Wa kweli akaondoka ameshindwa. Kwa maoni yangu, alidhulumiwa.

Mchezo uliowatia watu hofu kuliko yote ulikuwa wa kudaka risasi. Ulipewa kisa chake: mfungwa aliyehukumiwa kifo na Maboksa, wapiganaji wa China waliowaasi wageni mwaka 1900. Watazamaji waliitwa jukwaani, wakatia alama kwenye risasi. Zikashindiliwa katika bunduki mbili, wasaidizi waliovaa kama askari wakalenga, na Soo akasimama ameshika sahani mbele ya kifua. Mlio, moshi, kisha risasi zikagonga sahani!

Anayelijua gobole ataelewa ujanja wake haraka. Risasi zenye alama zilibadilishwa kabla ya kupakiwa, akabaki nazo Soo. Zile nyingine zilishindiliwa kweli kwa mdeki juu ya baruti, lakini cheche ya fataki haikuifikia baruti hiyo. Alikuwa ameziba njia yake na kuielekeza kwenye bomba la chini, lile ambamo mdeki huhifadhiwa. Humo aliweka baruti bila risasi. Moshi na kishindo vilitoka chini, mtutu wa juu ukabaki kimya na mzigo wake.

Sasa, mzigo ule ulipaswa kutolewa baada ya onyesho. Badala ya kuufyatua mahali salama, Robinson alifungua sehemu ya nyuma ya mtutu na kuchomoa risasi na baruti ili zitumike tena. Usiku baada ya usiku meno ya skrubu yakalika, na chembe za baruti zikajipenyeza kidogo kidogo mpaka moto ukapata njia.

Jumamosi ya Machi 23, 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, mitutu iliinuliwa kama kawaida. Bunduki moja ilifyatuka kikweli, risasi ikapita kifuani upande wa kulia. Alipepesuka, kisha akasema kwa Kiingereza safi kwamba kuna jambo limetokea, pazia literemshwe. Baadhi ya watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Alifariki hospitalini asubuhi iliyofuata.

Kifo kilichunguzwa rasmi. Mtaalamu wa bunduki, Robert Churchill, aliikagua silaha ile na kueleza jinsi moto ulivyovuja hadi kwenye mtutu wa juu. Uamuzi ukawa kifo cha bahati mbaya. Robinson alizikwa London akiwa na miaka 56. Zilikuwa zimebaki siku chache tu atimize 57.