Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 – 1972) alikuwa mchoraji wa Tanzania. Mtindo wa uchoraji wa Tingatinga umepewa jina lake.

Alizaliwa katika familia ya wakulima wilayani Tunduru, kusini mwa nchi. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako aliajiriwa kama mtumishi wa nyumbani.

Alianza kuchora mnamo mwaka 1968 bila kusomea sanaa. Badala ya turubai alitumia vipande vya ubao mgumu, na rangi zake zilikuwa zile za kung'aa zinazopakwa kwenye baiskeli. Ndiyo asili ya rangi kali zinazoutambulisha mtindo huo. Alichora hasa wanyama na ndege, akauza picha zake Oysterbay, Kinondoni, walikoishi wageni wengi.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akitafutwa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake, wakiwemo ndugu zake, waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kiliundwa.