Dr. Krapf na Kamusi Yake

Wengi wetu hufurahia kuanza kazi, na wengine kuimaliza; siku za katikati hutuchosha. Tumtazame Dr. Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1810. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akawazika mkewe Rosina na binti yao mchanga. Hata hivyo hakuacha kukusanya maneno ya Kiswahili. Mwaka wa 1850 kitabu chake cha sarufi kilichapishwa. Kamusi ilitoka London mwaka wa 1882. Naye alikuwa amefariki Novemba 1881. Furaha ya kumaliza hakuionja. Fungu lake lilikuwa siku za katikati, neno baada ya neno. Nasi hapa Uzaramo tusizidharau siku hizo.