Mary Shelley: Mama wa Kiumbe Asiye na Jina

Wahenga walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni riwaya chache za Ulaya zilizolifafanua wazo hilo kwa uchungu kama Frankenstein, mojawapo ya nguzo za riwaya ya kigothi, yaani ile inayojengwa juu ya hofu, giza na siri za kutisha. Aliyeitunga alikuwa msichana ambaye hakuwahi kumjua mamake.

Mary Wollstonecraft Godwin alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mamake, Mary Wollstonecraft, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, aliaga dunia siku chache baadaye kwa homa ya uzazi. Babake, mwanafalsafa William Godwin, alimlea katikati ya vitabu. Hata hivyo, Mary alipotoroka mwaka 1814, akiwa na miaka 16, na mshairi Percy Bysshe Shelley aliyekuwa na mke, baba huyo alikataa kumwona hadi walipooana Desemba 1816, baada ya mke wa kwanza kujitoa uhai. Mapema 1815, Mary alikuwa amejifungua binti kabla ya wakati, naye akafa kabla ya kutimiza mwezi.

Katika kiangazi cha 1816 walikuwa kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, pamoja na mshairi Byron. Mvua haikukatika, kwani mlipuko wa volkano ya Tambora, huko Indonesia, ulikuwa umevuruga hali ya hewa tangu 1815. Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary, aliyekuwa na miaka 18, alibuni kisa cha Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi anayeunda kiumbe kwa viungo vya maiti, akamtia uhai, kisha akamkimbia. Kiumbe huyo hapewi jina wala malezi. Anajifunza lugha kwa kuichungulia familia moja fukara, anatafuta upendo na kukataliwa, ndipo anapogeuka muuaji. Hofu ya riwaya hii haitokani na mizimu, bali na mzazi anayekwepa wajibu wake.

Riwaya ilichapishwa Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Kwa kuwa dibaji iliandikwa na Percy, na tabaruku ilikuwa kwa Godwin, baadhi ya wasomaji, akiwemo Walter Scott, walidhani ni kazi ya Percy. Jina la Mary lilitokea katika toleo la 1823. Miswada iliyohifadhiwa Oxford inadhihirisha kuwa Percy alisahihisha maneno mengi, lakini kisa kiliandikwa kwa mkono wa Mary.

Misiba iliendelea kumwandama. Bintiye Clara alifariki 1818, mwanawe William 1819, na Percy akazama baharini nchini Italia mwezi Julai 1822. Akiwa mjane wa miaka 24 mwenye mtoto mmoja, Mary aliishi kwa kalamu yake. Riwaya yake The Last Man (1826) inasimulia tauni inayowaangamiza binadamu. Babamkwe alipompiga marufuku kuandika wasifu wa Percy, aliusimulia ndani ya maelezo ya mashairi aliyoyahariri mwaka 1839.

Alifariki London tarehe 1 Februari 1851, akiwa na miaka 53. Hadi leo, wengi humwita kiumbe yule Frankenstein. Ni kosa, lakini lina haki ndani yake: mtoto aliyekanwa hatimaye amelirithi jina la babake.