Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa



Wengi wetu twamjua Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko, lakini aliyemtunga twamjua kidogo. Inafaa tumjue.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Kwa desturi ya pwani, jina lenyewe huonyesha ukoo: Muhammed ni mwana wa Said, na Said ni mwana wa Abdulla. Watu wa Makunduchi hata leo huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu waliyoachiwa na wazee wao. Huko habari za mizimu si ngeni.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, kazi aliyoishika miaka kumi. Mkaguzi hana budi kuingia majumbani mwa watu, kutazama, kuuliza, na kuandika alichokiona mwenyewe, wala si alichosikia. Sisi tuliofundisha twaona kuwa hiyo ilikuwa shule yake ya pili. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akasaidia kuhariri Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 hadi 1958, naye umri wake ulikuwa karibu miaka 40. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Namna ya upelelezi aliijifunza kwa Sherlock Holmes wa Conan Doyle, lakini aliivika kanzu ya Unguja. Maiti yakutwa mzimuni. Bwana Msa, pamoja na rafiki yake Najum, hamtafuti pepo, amtafuta binadamu aliyeua.

Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri gazeti la Mkulima. Vitabu vingine vilifuata, kama Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Alifariki mwaka 1991.

Ndugu zetu, jambo hili latuhusu. Mara ngapi mtoto amekufa ghafla, na kabla ya mganga wa hospitali kuulizwa, kidole kimekwisha kuelekezwa kwa bibi kizee wa jirani? Neno moja la uvumi laweza kumwondolea mtu uhai. Tuwape vijana wetu vitabu hivi, wajifunze kuuliza kwanza: nani aliona, na aliona nini?