Gama: Nguvu Iliyosimama Mlangoni

Ndugu msomaji, nilipokuwa mtoto, tukitoka chuoni alasiri tulikuwa tukikimbilia kiwanja kimoja cha mtaani kwetu hapa Mombasa, ambako vijana wakubwa walikuwa wakinyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe havikuwa vya dukani. Kilikuwa ni kipande cha bomba la maji kilichotiwa ncha zake katika madebe mawili ya saruji, ikaachwa mpaka ikashika. Mzee mmoja wa Kipunjabi, ambaye babu yake alikuja na ujenzi wa reli ulioanza hapa kwetu mwaka 1896, alikuwa akipita akitutazama na kucheka. Siku moja akatwambia kwamba nguvu haimo ndani ya debe la saruji, imo katika hesabu. Ndiye aliyenitajia kwanza jina la Gama. Leo nimeshapita miaka hamsini, na ndipo nafahamu alichokusudia.

Jina lake kamili ni Ghulam Muhammad Baksh. Alizaliwa mwaka 1878 katika ukoo wa Kiislamu wenye asili ya Kashmir, ukoo ambao mieleka ilikuwa ndiyo kazi yao na ndiyo fahari yao. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka sita hivi, akalelewa na babu yake kisha na mjomba, na wote hao walikuwa wapiga mieleka. Mtoto yatima, basi, hakuachiwa mali. Aliachiwa kiwanja cha udongo laini uliochanganywa na mafuta na manjano, akaambiwa hapo ndipo riziki yako.

Mwaka 1888, maharaja wa Jodhpur aliitisha mashindano ya kuchuchumaa na kuinuka. Walikuja wanaume zaidi ya 400 kutoka pande zote za Bara Hindi. Mmoja baada ya mmoja wakaanguka kwa kuchoka, hata wakabaki kumi na watano, na miongoni mwao yumo kitoto cha miaka kumi. Maharaja akamtaja Gama kuwa mshindi. Jina lake likaanza kutembea, na akachukuliwa na maharaja wa Datia afundishwe kwa gharama za jumba.

Na hapa ndipo penye ile hesabu ya mzee wangu. Alipokuwa mtu mzima, inasimuliwa kwamba Gama alikuwa akichuchumaa na kuinuka mara 5,000 kila siku, na kujilaza kifudifudi akijiinua kwa mikono mara 3,000. Si siku ya mashindano tu, bali kila siku ya Mungu, kama mtu avutaye uradi. Chakula chake kilikuwa maziwa kwa magaloni, samli na lozi. Alipotaka uzito zaidi alivaa shingoni pete kubwa la jiwe, kisha akachuchumaa nalo. Moja katika hayo, lenye kilo 95, limehifadhiwa katika makumbusho ya chuo cha michezo cha Patiala. Vijana wetu wa leo wakijifunza kunyanyua uzani, hufundishwa kuchuchumaa na chuma mabegani na kuinuka nacho. Na wajue kwamba mlango huo watu wa Bara Hindi waliupita zamani.

Liko pia jiwe huko Baroda, ambalo maandishi yaliyochongwa juu yake yanasema kuwa Gama alilinyanyua tarehe 23 Disemba 1902. Uzito wake unatajwa kuwa kilo 1,200. Mimi hapo husita kidogo. Eddie Hall wa Uingereza, mtu wa kwanza kutoa kilo 500 chini akasimama nazo wima, alifanya hivyo mwaka 2016, na damu ikamtoka puani. Basi naona Gama alilitikisa jiwe lile na kulitoa mahali pake, na hilo nalo si dogo. Sifa ya mtu haihitaji kutiwa chumvi.

Mwaka 1910 alisafiri hadi London pamoja na ndugu yake Imam Baksh. Huko alikataliwa kuingia mashindanoni kwa sababu ya kimo chake, kwani hakuvuka futi tano na inchi nane. Naye akatangaza kuwa yuko tayari kuwaangusha watu watatu wowote, wa uzito wowote, katika nusu saa. Wengi walidhani ni mzaha. Akajitokeza Mmarekani, daktari Benjamin Roller. Gama akamwangusha kwa dakika moja na sekunde arubaini, kisha akamwangusha tena kabla hazijatimia dakika kumi.

Tarehe 10 Septemba mwaka ule akakabiliana na Stanislaus Zbyszko, bingwa wa Kipolandi, jitu la kutisha. Zbyszko alipoionja mikono ya Gama alilala kifudifudi juu ya mkeka, akang'ang'ania hapo zaidi ya saa mbili na nusu, asipinduke. Ikaamuliwa warudiane tarehe 17, na siku hiyo Zbyszko hakuonekana. Ushindi ukawa wa Gama. Walikuja kukutana tena Patiala mwaka 1928, Gama akikaribia miaka hamsini. Safari hii Mpolandi alilala chali kabla dakika haijatimia.

Lakini si hayo yaliyonikalisha niandike. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na jirani akamgeukia jirani kwa panga na moto. Gama alikuwa Lahore, upande wa Pakistan, katika mtaa wenye Wahindu wengi. Imepokewa kwa watu wa mtaa na wa nyumba yake kwamba lilipokuja kundi la Waislamu kuwashambulia Wahindu wale, mzee huyu wa miaka karibu sabini alitoka na wanafunzi wake akasimama mbele yao, na kundi likarudi. Kisha akawapatia majirani zake chakula na kuwasindikiza mpaka mpakani.

Sisi tuliosoma chuoni tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye nguvu si yule aangushaye watu, bali ni yule ajizuiaye wakati wa hasira. Gama aliangusha watu miaka hamsini. Siku ile ya Lahore hakuangusha mtu, na mimi naihesabu kuwa ndiyo mieleka yake kubwa kuliko zote.

Uzeeni mambo yalimgeukia. Wanawe wa kiume walitangulia mbele ya haki, maradhi yakamwandama, mkono ukawa mtupu. Serikali ya Pakistan ilimsaidia, na tajiri wa Kihindu kutoka India, G. D. Birla, akamkatia posho ya kila mwezi. Wema haukuuliza mpaka uko wapi. Alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960.

Enyi vijana wetu mnaonyanyua vyuma, nyanyueni, kwani afya ni neema. Lakini pamoja na kuhesabu kilo, jiulizeni: siku jirani atakapobisha hodi kwa hofu, mabega hayo yatasimama upande gani wa mlango?

Mwenyezi Mungu amrehemu Gama. Amin.